Siku Tisini za Ukimya

Katika ofisi ya Feroz Mohamedhussein, wakala wa kutoa mizigo bandarini Mtwara, kulikuwa na chumba kimoja ambacho hakuna mtu aliyependa kuingia. Kilikuwa na baridi ya kiyoyozi, mvumo wa feni usiokoma, na mwanamke mmoja ambaye ukimsemesha alikujibu baada ya kumaliza mstari aliokuwa akiusoma. Godfrey, karani wa nyaraka, alikiita mochwari.

“Dada Warda, leo umeamsha maiti wangapi?” aliuliza kila asubuhi alipoleta chai, akinyoosha mkono tu bila kuvuka kizingiti.

“Mmoja. Kaamka anakuulizia wewe.”

“Mwambie nimekwenda kwetu Mahurunga, sirudi.”

Maiti mwenyewe alikuwa kompyuta kubwa ya kijivu, nzito kama gunia la korosho, iliyoachwa Mtwara na kampuni ya watafiti wa gesi ilipofunga virago. Feroz ndiye aliyewasafirishia makontena yao ya mwisho, akabakiziwa vitu visivyostahili nauli: viti, makabati ya chuma, na mashine hiyo. Ilikuwa inaendeshwa na Solaris, mfumo wa ukoo wa Unix ambao vijana wa vyuoni siku hizi wanausikia kama wanavyosikia habari za babu wa babu zao. Mwaka huohuo hewa ya chumvi ilikuwa imeila kompyuta iliyokuwa ikiendesha programu ya ofisi, ile iliyotoa nyaraka zote za mizigo. Programu ilisalimika kwenye diski. Mashine ya kuiendesha ndiyo haikuwapo.

Feroz alimwita Warda Abdulmalik. Alikuwa amemwajiri miaka miwili nyuma, mwanamke wa Mikindani mwenye stashahada ya kompyuta kutoka Dar es Salaam, ambaye kabla ya hapo alikuwa akifundisha watu kuchapa barua kwenye kituo kimoja mjini.

“Hii hapa kubwa, nzima, ina nguvu,” Feroz alisema, akiipiga mashine ubavuni kama mtu anayekagua ng’ombe mnadani. “Weka programu humu.”

“Haiwezi, Bosi.”

“Haiwezi kwa nini? Kompyuta si kompyuta?”

Ilimchukua Warda miezi minane kulijibu swali hilo. Msimu ule ofisi ilijikongoja kwa kompyuta ndogo ya kuazima iliyoganda kila baada ya lori la tano, na yeye akajifungia na ile ya kijivu.

Programu ya ofisi ilikuwa imeandikwa kwa lugha iitwayo Larik. Lugha ya namna hiyo haizungumzi na kompyuta moja kwa moja. Katikati kuna injini yake, na injini ndiyo inayokwenda kwenye mfumo wa kompyuta kuomba kila kitu: nipe kumbukumbu, nifungulie faili, niamshe data ikifika, nipe zamu. Mifumo ya Unix ni ndugu, lakini ni ndugu waliofanana sura wakatofautiana tabia, na injini ya Larik ilijua kuomba kwa adabu za ndugu mmoja tu, Linux. Warda alimweleza Feroz kwa maneno ya biashara yake mwenyewe. Gunia ni lilelile na korosho ni zilezile, lakini fomu inayokubaliwa Mtwara, ukiipeleka bandari ya nchi nyingine, unarudishwa getini.

“Basi badilisha fomu.”

“Ziko kama mia nne.”

“Anza na moja.”

Akaanza na moja. Solaris ilikuwa na namna yake ya kuarifu kwamba ujumbe umefika, na namna hiyo ilikuwa na sharti: ukishaarifiwa mara moja, lazima ujiandikishe upya ndipo uarifiwe tena. Injini haikulijua sharti hilo. Ilipokea ujumbe wa kwanza kisha ikakaa kimya kama mtu aliyenuna, na Warda alipoteza wiki tatu kutafuta alichoikosea. Halafu yakaja mambo ya namba. Mashine ile iliandika namba kuanzia kichwani, wakati kompyuta nyingi za leo huanzia mkiani, na sehemu moja ya injini ilikuwa imeandikwa na mtu ambaye hakuwahi kufikiria kwamba kuna kichwa. Hati ya kwanza iliyotoka ilionyesha kwamba lori lenye tani kumi za korosho lilibeba tani milioni mia moja na sitini na saba.

Godfrey aliibandika hati hiyo ukutani. “Mwaka huu Mtwara tumelisha dunia,” alisema, “na makombo tumeyamwaga Ruvuma.”

Warda angeweza kuweka kiraka hapa na kiraka pale mpaka ofisi ipate nyaraka zake, na hakuna ambaye angemuuliza. Hakufanya hivyo. Alikusanya kila ombi ambalo injini ilikuwa ikilipeleka kwenye mfumo, akayaweka yote mahali pamoja, ili mfumo mpya ukija uandikiwe faili moja tu na injini nzima isijue kilichobadilika chini yake. Akaijaribu kazi yake kwenye FreeBSD na OpenBSD, mifumo ambayo hakuna mtu Mtwara aliyeihitaji, kwa sababu kitu kikifanya kazi kwenye mifumo miwili huenda ni bahati, na kwenye minne bahati inakuwa imechoka. Kisha akairudia na programu ya ofisi yenyewe, mstari kwa mstari, akaondoa kila mahali ilipokuwa imejizoesha mashine ya aina moja.

Mumewe, Saidi, alikuwa mwendesha kreni bandarini. Aliporudi kutoka zamu alimkuta mkewe barazani na kompyuta ya mapajani, uso umekunjamana.

“Hivi wewe, mke wangu, unahamisha nini ambacho hakihami?”

“Tabia.”

“Ya nani?”

“Ya lugha.”

“Mimi nimehamisha makontena thelathini leo, na nikigeuka nayaona yamehama. Wewe mwezi wa sita huu, kitu chako kiko palepale.”

Alisema hivyo akicheka, kisha akaingia ndani kuchemsha chai kwa ajili yao wote wawili, jambo ambalo mama yake, Mwanahawa, hakupenda kuliona.

Larik ilitunzwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana. Warda aliwapelekea kazi yake kwa barua pepe. Waliikagua miezi mitatu, wakabishana naye juu ya majina ya faili, mwishowe wakaikubali iingie kwenye hazina kuu, ghala la faili zote za lugha hiyo. Walikuwa na sheria moja. Kila mfumo uwe na mlezi, mtu mwenye jina, na mashine moja inayoijaribu injini kila siku na kutuma ripoti. Ripoti zikikatika siku tisini na mlezi asiseme neno, mfumo unaondolewa, maana hakuna anayejua kama bado unafanya kazi. Warda aliiona ni sheria ya haki. Akajiandikisha kuwa mlezi wa Solaris, na mashine ya kijivu, ambayo mchana ilitoa nyaraka za ofisi, ikawa inatuma ripoti yake kila alfajiri, ikiwa na betri yake na jenereta ya ofisi kwa siku ambazo umeme haukuwapo.

Jina lake likakaa kwenye orodha ya walezi: Warda Abdulmalik, Mtwara. Kwa miaka saba lilikaa pale. Hakulipwa kwa hilo na hakuna jirani aliyejua. Lakini lilikuwa kitu pekee maishani mwake ambacho hakikuwa cha mumewe, wala cha mkwewe, wala cha Feroz, na alipokuwa na siku mbaya aliifungua orodha hiyo akalitazama, kisha akaifunga.

Saidi alifariki mwezi wa kumi na moja, mwaka juzi. Alitoka zamu ya asubuhi akasema kichwa kinamgonga, akajilaza, na alipoamshwa kwa chakula cha mchana mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja. Siku mbili hospitalini, ya tatu makaburini Mikindani.

Warda akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, katika chumba cha uani cha nyumba ya mkwewe, nyumba ya mawe yenye kuta nene ambamo hata mchana unahitaji kuzoesha macho. Bila manukato, bila wanja, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Shehe wa msikiti alisema mjane mwenye kazi anaweza kutoka mchana ikiwa ni dharura. Mwanahawa alisema dharura anazozijua yeye ni njaa na maradhi, na katika nyumba yake hakuna mwenye njaa.

“Simu niwekee mimi, mwanangu,” alisema siku ya kwanza. “Ndugu zako wakipiga nitakupa.”

Warda aliitoa bila kujali. Wakati ule hata angeambiwa atoe mkono angeutoa. Mashine ilimjia akilini mara moja tu wiki ile, akaiacha ipite. Inajituma yenyewe, aliwaza. Ina betri. Haihitaji mtu. Na wifi yake Hadija, aliyekuwa akienda mjini, alimletea salamu za kumtuliza.

“Nimepita ofisini kwako, wifi. Feroz anasema usiwe na wasiwasi hata chembe. Kila kitu chako wamekitunza.”

Siku ya arobaini, baada ya hitma, wageni walipokwisha kuondoka, Warda alimfuata mkwewe jikoni. Mwanahawa alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

“Mama, nilikuwa naomba simu kidogo. Kuna watu wa kazi niwaandikie.”

“Watu gani?”

“Wako nje. Ulaya huko, na Amerika.”

“Wanawake?”

Warda aliinama akaokota chembe ya mchele iliyoanguka.

“Hawajui kama umefiwa?”

“Hawajui.”

“Na wakijua watakupa nini zaidi ya pole? Pole umeshapewa na mji mzima.” Aliokota kijiwe, akakitupa uani. “Sikukatazi. Simu iko mle kashani, kasha halina kufuli. Lakini majirani wana macho, na aliyelala kule ni mwanangu.”

Warda alirudi chumbani. Kasha lilikuwa hatua sita kutoka mlango wake, na alilipita kila alipokwenda kuoga. Hakulifungua. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya mkwewe, halafu kwamba ni kwa ajili ya Saidi, na siku nyingine alijiambia ukweli, kwamba hakutaka kuitwa mjane aliyekuwa akibonyeza simu udongo wa mumewe haujakauka. Na mashine, basi, si ilikuwa inajituma yenyewe.

Alitoka eda mwezi wa tatu. Wanawake walimwogesha, wakamvisha nguo mpya, wakasoma dua, wakala, wakacheka kidogo. Jumatatu iliyofuata akapanda bodaboda kwenda Mtwara.

Alijua kabla hajafungua mlango. Feni hazikuvuma. Ndani mlikuwa na joto la chumba kilichofungwa, na mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa kingoni, cha kufunikia sinia la wageni. Hakukuwa na vumbi hata kidogo. Mtu alikuwa akipafuta.

Godfrey alisimama kizingitini na kikombe cha chai. Hakutaja maiti. “Pole, dada,” alisema tu, akaweka kikombe sakafuni, akaondoka.

Feroz alikuja akinyoosha koti lake.

“Siku ileile ya mazishi nilikuja mimi mwenyewe nikaizima,” alisema. “Mama yangu aliniambia. Unamjua Aminabai. Alisema, mwenye kazi yuko kwenye eda, na kazi yake ikae, isipige kelele. Baba alipofariki, duka lote hatukuwasha redio mpaka mama alipotoka. Funguo nilikaa nazo mimi mpaka leo asubuhi. Godfrey hakuingia. Hakuna mtu aliyekalia kiti chako, Bi Warda. Kitambaa ni cha mama, anakifua kila Ijumaa.”

Alisema kwa fahari ya mtu anayerudisha amana ikiwa nzima. Macho yake yalikuwa na machozi.

“Ahsante, Bosi,” Warda alisema. “Mwambie mama ahsante.”

Aliivua mashine kitambaa, akakiweka juu ya kiti.

Aliiwasha. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya mashine ilikuwa imekufa, na mashine iliamka ikidhani ni siku ya kwanza ya mwaka 1970. Aliiwekea tarehe kwa mkono. Kisha akafungua barua pepe zake, akazisoma kuanzia ya chini kwenda juu, kwa mpangilio zilivyofika.

Siku ya thelathini, onyo la kompyuta: hakuna ripoti kutoka Solaris. Siku ya sitini, onyo jingine. Baina ya maonyo hayo, barua ya mtu, yule msimamizi mkuu ambaye kwa miaka saba alikuwa amebishana naye juu ya kila kitu na hakuwahi kumwona sura. “Warda, u salama? Si kawaida yako. Nijibu hata neno moja.” Siku ya themanini: “Nimejaribu tena. Sitaki kufanya hili.” Siku ya tisini na moja, pendekezo kwa walezi wote. Wanne walikubali, hakuna aliyepinga. Siku ya tisini na nane faili zake zilifutwa kwenye hazina, mistari elfu sita na mia tatu kwa amri moja, na maelezo ya amri hiyo yalikuwa mafupi: Solaris imeondolewa, haina mlezi. Jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha pamoja nayo.

Alirudia kusoma akitafuta mahali walipomkosea. Hakupaona.

Barua ya kujibu aliianza mara nne. Katika ya kwanza alieleza eda ni nini, akajikuta anaandika kurasa mbili, akamwona akilini yule msimamizi akisoma kwa huruma, na nyuma ya huruma swali ambalo hangethubutu kuliuliza: dakika tano hukupata? Alizifuta kurasa zote. Mwishowe aliandika hivi: “Mume wangu alifariki. Nimerudi na mashine iko hewani. Naomba mfumo urudishwe.”

Jibu lilifika kabla chai haijapoa. Pole ya dhati, ndefu. “Laiti tungejua. Neno moja lingesimamisha saa.” Kisha masharti, kwa upole uleule. Ripoti za siku tisini mfululizo. Mlezi wa pili, ili jambo hili lisitokee tena. Na swali: ukiacha ofisi yenu, kuna nani mwingine anayeutumia mfumo huu?

Mlezi wa pili alijua pa kumpata. Nishat, binti wa Feroz, alikuwa amemaliza shahada ya kompyuta na kurudi mwezi wa kwanza kumsaidia baba yake. Warda alimkuta chumba cha mbele, miguu juu ya kiti, anakula mihogo ya kukaanga.

“Anti Warda! Pole jamani. Karibu, kaa. Mlezi wa nini?”

Warda alimweleza. Nishat alishusha miguu taratibu.

“Anti. Hawajakwambia?”

Juu ya meza, nyuma ya mafaili, kulikuwa na kisanduku cheusi kisichozidi sanduku la viatu. Taa moja ya kijani ilikuwa inapepesa.

“Ile yako baba alikuwa ameizima, na mtu haruhusiwi kuigusa. Msimu umepamba moto, malori yamejipanga toka getini mpaka barabara kuu, na ile ndogo ya kuazima, tuliyoirudia, imekufa kabisa. Nikachukua diski ya akiba, yenye nakala ya programu iliyokuwa kwenye ile yako, nikanunua hiki, nikaweka Linux na Larik ya Linux. Nilijua nitateseka wiki nzima. Anti, ilikubali siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri! Hata hesabu za tani zilitoka sawasawa.”

“Kabla ya adhuhuri,” Warda alisema.

“Nilishangaa! Programu ya zamani vile, nilidhani itagoma. Lakini hakuna mahali inajali iko juu ya mashine gani. Aliyeiandika alikuwa fundi kwelikweli. Au ililetwa hivyo?”

Miezi minane. Kila ombi mahali pamoja, ili injini isijue kilichobadilika chini yake. Kila mstari wa programu uliojizoesha mashine moja, alikuwa ameung’oa kwa mkono wake. Alikuwa ameijenga kazi ambayo ukamilifu wake ulikuwa kwamba siku moja mashine yoyote ingetosha, na siku hiyo ilikuwa imekuja yeye akiwa amekaa kwenye mkeka chumba cha uani. Ilikuja bila kubisha hodi.

“Ililetwa hivyo,” alisema.

Godfrey alipita na rundo la hati. “Dada, siku hizi hata mimi naiendesha,” alisema, akijaribu kurudisha utani wa zamani. “Bosi ananiita injinia.”

“Injinia wa wapi?”

“Wa Mahurunga. Kwetu ukijua kuwasha pampu ya maji umeshakuwa injinia.”

Warda alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha kweli tangu mwezi wa kumi na moja, na kilitoka vibaya, Godfrey akatazama pembeni.

“Lakini Anti, jina langu weka,” Nishat alisema. “Mlezi wa pili, sijui nini, wewe liandike tu. Mimi sitajali. Sitalazimika kufanya kitu, eti?”

“Hutalazimika.”

“Basi liandike. Ni jina tu.”

Feroz naye, alipoulizwa, alisema mashine ibaki. Chumba ni cha Bi Warda, umeme ni wake, hata miaka kumi. Hakuna mtu atakayemwondoa. Kwa hiyo hakukuwa na wa kumzuia. Mashine ingetuma ripoti siku tisini, jina la Nishat lingejaza nafasi, na lile swali la mwisho angelijibu kwa neno moja ambalo hakuna mtu Ulaya angekuja Mtwara kulihakikisha. Angerudi kwenye orodha kabla ya mwezi wa saba.

Alikaa mbele ya barua ile siku tatu. Alikuwa amekwisha kuandika jina la Nishat. Alikuwa amekwisha kuandika, “Wapo watumiaji wachache.” Aliyatazama maneno hayo na kuwaza juu ya mtu mwingine, mahali pengine, ambaye angeletewa hitilafu ya Solaris akaambiwa airekebishe kabla toleo jipya halijatoka, akapoteza wiki tatu zake kwa ajili ya mashine inayojijaribu yenyewe ndani ya chumba kitupu. Yeye alizijua wiki hizo tatu. Alikuwa na haki ya kuwakasirikia watu wengi, lakini si huyo.

Siku ya nne alifuta yote, akaandika: “Hakuna mwingine. Na ofisi yetu nayo imehamia Linux. Naondoa ombi langu.”

Msimamizi alimshukuru. Alimwambia kwamba ile sehemu aliyoijenga, ya kukusanya maombi pamoja, haijaguswa, na mifumo yote iliyobaki inasimama juu yake hadi leo. Alisema hilo kama zawadi, na Warda aliliamini. Ni kweli kwamba ilikuwa pale. Ila sehemu hiyo haikuwa mfumo, na sheria iliwapa walezi mifumo tu, kwa hiyo haikuwa na mahali pa kuandika jina la mtu.

Aliizima mashine kwa amri yake ya sawasawa, akasubiri mpaka imalize kuandika kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake, mpaka feni ziliposimama. Kitambaa alikikunja akakipeleka mwenyewe kwa Aminabai, akambusu mkono, na bibi yule akamwombea dua ya subira.

Nyumbani Mikindani mkwewe alikuwa amekaa uani anasuka ukili.

“Umerudi. Wiki nzima sijakuuliza, kazi yako uliikuta?”

“Niliikuta, mama.”

“Si unaona? Na wewe ulivyokuwa na wasiwasi siku ile ya hitma.” Mwanahawa alivuta ukindu mwingine, akaulainisha kwa kucha. “Watu wenye adabu hawagusi kitu cha mtu aliye kwenye eda.”

“Hawakugusa,” Warda alisema.

Akavua viatu, akaingia jikoni kutafuta kiberiti achemshe chai.